Kompyuta tatu za steshenari: nihamie Windows 11 au nibaki na Windows 10?

SWALI: Ndugu mtaalamu, nina steshenari ndogo mjini Morogoro yenye kompyuta tatu, na zote zinatumia Windows 10. Ya kaunta ni ya mezani, niliinunua ikiwa imeshatumika Ulaya: Core i5-6500, RAM GB 8 na hadi diski (hard disk) ya GB 500. Hapo ndipo wateja wanapochomeka flashi zao. Ya pili ni laptopu yangu, Core i5-8250U yenye RAM GB 8 na SSD ya GB 256, ninayofanyia hesabu, benki na mambo ya kodi. Ya tatu ni ya zamani sana, Core 2 Duo yenye RAM GB 4, na kazi yake ni kuendesha mashine ya kukata stika tu. Kila mara naletewa tangazo kwamba Windows 10 imefikia mwisho. Fundi wangu anasema ataziwekea zote Windows 11 kwa siku moja, lakini programu ya Microsoft ya kukagua kompyuta imeikataa hata laptopu. Je, nihamie, au nibaki nilipo maadamu kazi zinakwenda?

JIBU: Ndugu yangu, umeuliza swali moja lakini una kompyuta tatu zenye kazi tatu tofauti, na kila moja ina jibu lake. Laptopu ihamishe, na usikubali ilivyokataliwa. Ya kaunta usiihamishe, ila usiiache ilipo. Ya stika iache na Windows 10 yake, lakini ikatie intaneti leo hii. Naomba nieleze sababu, kwa kuwa ukizielewa hutahitaji kuniuliza tena siku utakapoongeza kompyuta ya nne.

Kwanza, tangazo hilo. Windows 10 ilitoka tarehe 29 Julai 2015, na tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuitolea masasisho ya bure ya usalama. Haikuzimwa, na hakuna siku utakayoamka ukute imegoma kuwaka kwa sababu ya tarehe hiyo. Ndiyo maana unaona kazi zinakwenda, na zitaendelea kwenda. Kilichokoma ni ile kazi ya kila mwezi ambayo mtumiaji haioni: watafiti wanagundua mwanya katika mfumo endeshi, Microsoft inaandika kiraka, na Jumanne ya pili ya mwezi kiraka hicho kinashushwa kwenye kompyuta za watu. Mfumo usiopokea viraka hauharibiki. Unabaki vilevile ulivyokuwa, huku wanaotafuta namna ya kuuingia wakizidi kuufahamu.

Lipo jambo linaloongeza hatari hiyo ambalo watu wengi hawalifikirii. Windows 10 na Windows 11 zinachangia sehemu kubwa ya msimbo wa ndani. Kiraka cha Windows 11 kinapotoka, mdukuzi mwenye ujuzi hulinganisha faili za kabla na za baada ya kiraka, akaona ni mstari gani umerekebishwa, kisha akajiuliza kama mstari huohuo haumo pia katika Windows 10 ambayo haijapokea chochote. Kwa maneno mengine, kila dawa inayotolewa kwa toleo jipya inakuwa ramani ya ugonjwa wa toleo la zamani.

Mfano ninaopenda kuutoa ni wa WannaCry. Tarehe 14 Machi 2017 Microsoft ilitoa kiraka cha mwanya uliokuwa katika huduma ya kushirikishana faili kwenye mtandao. Tarehe 12 Mei mwaka huohuo, karibu miezi miwili baadaye, kirusi kilichotumia mwanya huo kilienea duniani kwa siku moja, kikafunga faili za watu na kudai malipo, na hospitali za serikali nchini Uingereza zikalazimika kuahirisha matibabu. Kompyuta nyingi zilizoathirika zilikuwa za Windows 7, mfumo ambao wakati huo ulikuwa bado unapewa viraka. Kosa ni kwamba wenye kompyuta hizo hawakuviweka. Na kirusi hicho hakikuhitaji mtu abofye kitu, kwani kilitembea chenyewe kutoka kompyuta moja hadi nyingine zilizo kwenye mtandao mmoja. Wewe una kompyuta tatu kwenye ruta moja, kwa hiyo udhaifu wa moja ni udhaifu wa zote.

Hapa huwa naulizwa: mbona antivairasi yangu bado inasasishwa? Ni kweli, na ndiko kunakowapoteza wengi. Microsoft imesema itaendelea kuipa Defender, antivairasi inayokuja na Windows 10, taarifa za virusi vipya hadi Oktoba 2028, na vivinjari vikubwa havikimbii siku ileile. Chrome kwa mfano iliendelea kuhudumia Windows 7 hadi mwanzoni mwa mwaka 2023, miaka mitatu baada ya mfumo huo kuachwa. Lakini antivairasi ni mlinzi anayekagua wanaopita mlangoni. Hana uwezo wa kuziba tundu lililo ukutani. Ukiwa na Office 2016 au 2019 ujue pia kwamba nazo ziliachwa siku hiyohiyo ya tarehe 14 Oktoba 2025, na faili za Word na Excel zinazotoka kwa watu usiowajua ni njia kongwe ya kuingiza uchafu kwenye kompyuta.

Sasa laptopu, ambayo nitaikalia zaidi kwa sababu ndiyo yenye benki na kodi yako.

Masharti ya Windows 11 ni machache: prosesa ya biti 64 iliyo kwenye orodha ya Microsoft, RAM isiyopungua GB 4, nafasi ya GB 64, mfumo wa kuwasha kompyuta wa aina ya UEFI wenye uwezo wa Secure Boot (ulinzi unaokagua kinachoiwasha kompyuta), na kifaa cha usalama kiitwacho TPM toleo la 2.0. Kwa prosesa za Intel, orodha inaanzia kizazi cha nane, ukiacha nje vighairi vichache visivyokuhusu. Kizazi utakisoma kwenye namba inayofuata baada ya kistari: i5-6500 ni kizazi cha sita, i5-8250U ni cha nane, i5-10210U ni cha kumi. Muuzaji anayekwambia "hii ni Core i5, haina shida" hajakwambia kitu, kwa kuwa Core i5 zimetengenezwa tangu mwaka 2009.

Laptopu yako basi inastahili. Iweje imekataliwa? Nina karibu hakika kwamba tatizo ni namna ilivyowekewa Windows 10. Mafundi wengi mitaani walizoea kuweka Windows kwa njia ya zamani iitwayo Legacy, ambayo hugawa diski kwa mtindo wa MBR, wakazima Secure Boot ili flashi yao iwake bila kusumbua, na TPM wakaiacha imezimwa. Kompyuta ikiwa katika hali hiyo, programu ya kukagua huona prosesa ni nzuri lakini haioni UEFI wala TPM, ikatoa jibu la kukataa.

Kuthibitisha ni kazi ya dakika moja. Bonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na herufi R, andika msinfo32, kisha utazame mstari wa BIOS Mode. Ukisema Legacy, umempata mchawi. Rudia vilevile kwa kuandika tpm.msc, dirisha likikwambia hakuna TPM inayoonekana, usidhani haipo. Kwenye kompyuta za Intel za kizazi hicho TPM imo ndani ya prosesa yenyewe na huwashwa kwenye BIOS, yaani mipangilio ya ndani inayofunguliwa kabla Windows haijawaka, ambako mara nyingi imeandikwa PTT.

Marekebisho yake hayahitaji kufomati. Tangu mwaka 2017 Windows 10 ina zana iitwayo mbr2gpt, ambayo hubadilisha mgawanyo wa diski bila kugusa faili zako. Fungua Command Prompt kwa mamlaka ya msimamizi, uanze na amri ya kupima tu: mbr2gpt /validate /allowFullOS. Ikikubali, ndipo unaandika mbr2gpt /convert /allowFullOS. Baada ya hapo zima kompyuta, ingia kwenye BIOS, ubadilishe Legacy kuwa UEFI, uwashe PTT na Secure Boot. Usipobadilisha BIOS baada ya amri ya pili kompyuta haitawaka, na wengi hufikiri wameiua. Haijafa, inasubiri tu UEFI. Sababu ya kawaida ya amri ya kupima kukataa ni diski kuwa na vigawanyo vinne, kwani zana hii inakubali visizidi vitatu.

Kabla ya amri hiyo ya pili yako mambo ambayo sitaki uyaruke. Betri iwe imejaa na chaja imechomekwa, maana umeme ukikatika katikati ya kazi ya kubadili mgawanyo wa diski hakuna wa kumlaumu. Nakala ya kila kitu iwe kwenye diski ya nje: Desktop, Documents, Downloads, data ya programu yako ya hesabu ambayo mara nyingi haikai kwenye Documents bali ndani ya folda ya programu yenyewe kwenye diski C, na manenosiri yaliyohifadhiwa kwenye kivinjari. Kisha ichomoe diski hiyo, uichomeke kwenye kompyuta nyingine, ufungue faili tatu au nne kwa macho yako. Nimekutana na watu wengi waliokuwa na nakala; waliokuwa wamewahi kuifungua kabla ya siku ya msiba ni wachache.

Jambo jingine ni ufunguo wa kufungulia diski. Windows 11, hasa ukiiweka upya kuanzia toleo la 24H2 na ukaingia kwa akaunti ya Microsoft, huifunga diski kwa usimbaji bila kukuuliza sana, na ufunguo wake wenye tarakimu 48 huhifadhiwa kwenye akaunti hiyo. Ni ulinzi mzuri laptopu ikiibwa. Ila niliwahi kuletewa laptopu ya mwalimu mmoja, skrini ya buluu inadai tarakimu 48, na mwenyewe hajui hata kama aliwahi kuwa na akaunti ya Microsoft. Tulipochunguza tukagundua akaunti ilifunguliwa na aliyemwekea Windows, kwa barua pepe yake mwenyewe, na mtu huyo alishabadilisha namba ya simu na hakupatikana tena. Mitihani ya miaka minne ilikuwa humo, na humo ndimo ilimobaki. Kwa hiyo akaunti iwe yako, namba ya simu iwe yako, na baada ya kazi kumalizika ingia kwenye akaunti kupitia kivinjari, uutafute ufunguo huo, uuandike kwenye karatasi na uiweke pamoja na hati zako nyingine. Na kama Windows 10 uliyonayo sasa tayari imefungwa kwa BitLocker, usimbaji wa diski wa Windows, isimamishe kwanza kabla ya kugusa BIOS.

Suala la leseni nalo ni sharti tuliseme wazi. Kuhama kutoka Windows 10 halali kwenda Windows 11 ni bure. Kama Windows yako iliwezeshwa kwa ujanja, utaweza kuhama lakini utahama na tatizo lako. Andika slmgr /xpr kwenye dirisha lile la R: likikwambia imewezeshwa kwa kudumu, vema, ingawa hilo peke yake halithibitishi uhalali, likikupa tarehe ya kuisha muda, Windows yako iliwezeshwa kwa utaratibu wa siku 180 ambao ni wa taasisi kubwa zenye seva yake, na steshenari haina seva hiyo. Programu zinazoiga seva hiyo huomba zizimiwe antivairasi kwanza. Fikiria mtu anayekuomba umfunge mbwa kabla hajaingia kwako usiku. Laptopu nyingi za kampuni kubwa zina leseni iliyochomwa kwenye ubao wake tangu kiwandani, kwa hiyo huenda leseni halali unayo na hujawahi kuitumia.

Njia ya kuhamia ninayokushauri ni kushusha faili ya Windows 11 mara moja, ambayo inazidi GB 5, usiku ukiwa na bando la bei nafuu, na kuiweka kwenye flashi ya GB 8 kwa zana ya Microsoft yenyewe. Fungua flashi hiyo ukiwa ndani ya Windows 10 na uchague kubaki na faili na programu zako. Faida ya kuhama hivyo badala ya kufomati ni kwamba una siku 10 za kubadilisha mawazo: mfumo wa zamani unabaki kwenye folda iitwayo Windows.old, na kupitia mipangilio unaweza kurudi Windows 10 ukaikuta kama ulivyoiacha. Siku hizo zitumie kazi. Chapa kwa printa yako, piga skani, fungua hesabu, ingia benki, tuma ritani ya majaribio kama mfumo unaruhusu. Usiifute Windows.old eti upate nafasi kabla hujamaliza majaribio hayo, na usianze tarehe 28 ya mwezi ukiwa na ritani ya kuwasilisha.

Kuhusu toleo lenyewe, Windows 11 hutoa toleo jipya kila mwaka, na kwa Home na Pro kila toleo huhudumiwa kwa miezi 24. Chukua 25H2, ambalo lina huduma hadi Oktoba 2027. Ila siku litakapotoka linalofuata, wewe mwenye biashara subiri kama mwezi mmoja na nusu. Sisemi hivyo kwa uoga. Toleo la Windows 10 la Oktoba 2018 lilianza kutolewa tarehe 2 ya mwezi huo, na ndani ya siku chache Microsoft ikalisimamisha baada ya watu kulalamika kwamba faili zao zimefutika. Lilirudi tarehe 13 Novemba. Walioteseka ni waliokimbilia. Tofautisha lakini mambo haya mawili: toleo jipya la mwaka unaweza kulisubiri, viraka vya usalama vya kila mwezi visikae zaidi ya siku chache.

Tuje kwenye kompyuta ya kaunta, ambayo kwa maoni yangu ndiyo ya hatari kuliko zote tatu, ingawa wewe umeniandikia kwa wasiwasi zaidi kuhusu laptopu. Fikiria siku moja tu ya kazi: mwanafunzi amechomeka flashi ambayo asubuhi ilikuwa kwenye kompyuta ya chuo, mama ametuma cheti kwa WhatsApp, kijana amefungua barua pepe ili achape wasifu wake na amesahau kutoka. Vile virusi vinavyogeuza folda zote za flashi kuwa njia za mkato sina haja ya kukusimulia. Mashine ya namna hiyo ndiyo inayohitaji viraka kuliko nyingine, na ndiyo ambayo prosesa yake haimo kwenye orodha.

Fundi wako anajua kuipitisha. Kuna mpangilio wa rejista ya Windows na kuna Rufus, programu ya kutengeneza flashi ambayo inaweza kuondoa ukaguzi wa TPM na prosesa, na kwenye i5-6500 Windows 11 itawaka na kufanya kazi. Sisemi haiwezekani. Ninachosema ni kwamba Microsoft imetamka wazi kuwa kompyuta isiyotimiza masharti haihakikishiwi masasisho, na kwa vitendo matoleo mapya ya mwaka hayashuki yenyewe kwenye kompyuta hizo. Kila yanapotoka inabidi mtu aje na flashi arudie ujanja uleule. Utakuwa umetoka kwenye mfumo ulioachwa na kuingia kwenye mfumo unaotegemea fundi apokee simu. Isitoshe, Windows 11 juu ya hadi diski ya kuzunguka ni mateso: mteja atamaliza soda yake kabla Word haijafunguka.

Ipo njia ya kununua muda. Microsoft ilianzisha mpango wa masasisho ya ziada ya usalama kwa Windows 10 toleo la 22H2. Kwa mtu binafsi mpango huo unafika tarehe 13 Oktoba 2026, na anaupata kwa kuunganisha mipangilio ya kompyuta na akaunti yake ya Microsoft bila malipo, au kwa pointi 1,000 za Microsoft Rewards, au kwa dola 30, ambazo zinahudumia hadi kompyuta 10 za akaunti moja. Kama una kompyuta nyumbani ya watoto, isajili leo. Kwa biashara mpango ni mwingine: dola 61 kwa kila kompyuta kwa mwaka wa kwanza, na bei inajirudufu kila mwaka kwa miaka isiyozidi mitatu. Kulipa dola 61 kwa ajili ya kompyuta ya mwaka 2015 yenye hadi diski inayozeeka, kisha 122 mwaka unaofuata, siwezi kukushauri. Fedha hiyo ianze kuchangia kompyuta nyingine ya kaunta iliyotumika, ya kizazi cha nane au zaidi, yenye RAM GB 8 na SSD. Kampuni za Ulaya na Marekani zinaendelea kubadilisha mashine zao, kwa hiyo za kizazi hicho zinapatikana kwenye maduka yetu ya vifaa vilivyotumika. Ukienda kununua, usiridhike na stika ya nje. Mwambie muuzaji aiwashe, na wewe mwenyewe uandike msinfo32 na tpm.msc kama nilivyokueleza.

Hiyo i5-6500 usiitupe wala usiiuze kwa bei ya chuma. Nunua SSD ndogo uiwekee Linux Mint, mfumo endeshi mwingine unaochukua nafasi ya Windows. Toleo lake la 22 ni la bure na linahudumiwa hadi mwaka 2029, na prosesa ya kizazi cha sita inalibeba bila kutoa jasho. Iweke pembeni iwe kompyuta ya wateja wanaokuja kujaza fomu za mikopo ya elimu ya juu na maombi ya kazi, kwa sababu wanachohitaji ni kivinjari na kuchapa PDF, na virusi vya flashi vilivyoandikwa kwa ajili ya Windows haviwezi kujiendesha humo. Na flashi za wateja nazo zianzie hapo: faili inayotakiwa inatolewa, inakwenda kwenye kompyuta mpya ya kaunta peke yake, flashi inarudi mfukoni mwa mwenyewe.

Utaniuliza kwa nini basi nisikwambie uweke Linux hata kaunta na kuokoa fedha. Ningependa, na ofisi yangu mwenyewe inatumia Linux kwa sehemu kubwa. Lakini biashara yako ni kuchapa nyaraka za watu wengine kama walivyoziandika. LibreOffice, programu ya nyaraka inayotumika kwenye Linux, hufungua faili za Word, na mahali pa fonti ya Calibri huweka Carlito yenye vipimo vilevile, ila tasnifu ya kurasa 80 yenye majedwali, vichwa vya kurasa na orodha ya yaliyomo haikosi kuhama mahali fulani, na mteja ataliona hilo akiwa tayari kwa msimamizi wake. Anayeandika nyaraka zake mwenyewe hana tatizo hilo. Wewe unalo kila siku.

Kompyuta ya stika haihitaji maneno mengi. Core 2 Duo haina maagizo ya prosesa yanayoitwa SSE4.2 na POPCNT, ambayo Windows 11 kuanzia toleo la 24H2 haiwezi kuwaka bila kuyapata, kwa hiyo fundi anayesema ataiwekea atakuwekea toleo la nyuma ambalo lenyewe limeshaachwa. Zaidi ya hapo, draiva ya mashine ya kukata huenda iliandikwa kwa Windows ya zamani na mtengenezaji hakuirudia tena. Mashine ikifanya kazi moja, na kazi hiyo haihitaji intaneti, njia salama ni kuitenga: chomoa waya wa mtandao, zima Wi-Fi kisha uifute nywila ya ruta iliyohifadhiwa humo ili kijana wa dukani asiiunganishe kwa bahati mbaya. Michoro iingie kwa flashi moja maalumu, yenye alama ya rangi, isiyochomekwa kwenye kompyuta yoyote ya mteja. Kisha ichukulie nakala ya diski nzima, mfumo na draiva zake zote kwa pamoja, kwa kuwa siku diski hiyo itakapokufa, kupata upya draiva ya mashine yako kunaweza kuwa kugumu kuliko kupata diski nyingine.

Kwa hiyo unapokutana na fundi wako, usimkabidhi kompyuta zote tatu kwa siku moja. Steshenari yenye printa isiyoonekana kwenye kompyuta yoyote kati ya tatu ni chumba chenye meza tu. Mpe laptopu Jumamosi jioni baada ya kufunga, ukiwa umekaa naye, na kabla hajachomeka flashi yake mwulize mambo matatu: je, hii Windows umeishusha kutoka kwa Microsoft au umepewa na mwenzako, je, utabadilisha diski kwa mbr2gpt au utafomati, na je, akaunti utakayofungulia ni ya nani. Akianza kwa kusema kwamba lazima azime antivairasi, mshukuru, umlipie nauli, na laptopu uirudishe kwenye begi.